Nilimwambia Ayaongeze Uzito

Kambini, jangwani
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kwako Mama Wangui,

Nakusalimu wewe kwanza kabla sijasalimu nyumba. Upepo wa Kitengela umetulia, ama bado unakuletea vumbi mpaka ndani ya sufuria? Kifua chako kinaendeleaje? Ile dawa uliyopewa kule Noonkopir uliimaliza, au uliiacha ulipoona nafuu kama kawaida yako? Na tangi la maji lina kitu, ama bado mnangoja lori? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, mgongo hauniumi. Nasema mwili kwa sababu yale mengine nataka kukueleza polepole.

Najua unavyosoma barua. Unaanza na mwisho, kisha unarudi juu kuona kama nimekudanganya. Leo nakuomba usifanye hivyo. Ukianza na mwisho utanikasirikia kabla hujajua sababu, na ningependa unikasirikie ukiwa unaijua.

Barua hii inaletwa na Odhiambo, mpishi wetu wa kambi. Amejenga maisha yake Kware, Rongai, na anaenda likizo. Ameniahidi kwamba hatakuachia barua kwa jirani wala dukani, atakupa mkononi. Mpe chai. Ni mtu wa maneno mengi lakini moyo wake ni safi. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu zetu zilichukuliwa Alhamisi, zikafungiwa ofisini. Kwa hivyo kama umekuwa ukinipigia na kunikosa, si hasira yangu, wala si lile jambo ambalo shangazi yako angependa liwe.

Unajua kila siku huwa naandika kidogo kwenye shajara yangu, tarehe juu na mambo ya siku chini. Nimeiweka hapa mezani ili nisichanganye siku. Mengi yaliyomo ni joto na supu ya dengu, hayo nakuachia.

Watu wa kanisa wakikuuliza mume wako anafanya nini huko mbali, huwa unawajibu kwamba anakoroga matope, na wao hucheka wakidhani tunafyatua matofali. Hujawadanganya. Lakini sijawahi kukuketisha nikakueleza matope yenyewe ni ya nini, na leo bila hilo hutaelewa kwa nini siwezi kutoka hapa.

Unakumbuka wakati nilikuwa na ile kampuni ya kuchimba visima vya maji, tukilala Oltepesi? Kule maji yalikuwa yanajificha na sisi tunayatafuta. Huku ni kinyume. Kilichoko chini ndicho kinachotafuta njia ya kutoka. Kuna gesi na mafuta yamebanwa na mawe tangu dunia iumbwe, na wewe ukitoboa tundu unakuwa umeyafungulia mlango. Sasa kinachozuia mlango ni matope. Tunayachanganya juu, yanasukumwa kupitia ndani ya bomba hadi chini kabisa, yanatoka pale msumari wa kuchimbia unaposaga mwamba, halafu yanapanda kando ya bomba yakirudi juu na vipande vya mawe. Kisima chote kinakuwa kimejaa matope, na uzito wa hayo matope ndio unaoikalia gesi isipande.

Fikiria lile jiwe unaloweka juu ya kifuniko cha sufuria ya githeri. Jiwe likiwa jepesi, mvuke unainua kifuniko. Hilo kila mtu analijua. Lakini kisima kina jambo moja ambalo sufuria haina: jiwe likizidi uzito, sufuria yenyewe inapasuka chini. Matope yakizidi uzito yanapasua mwamba, na ukishapasuka unaanza kuyameza. Yanashuka, yanashuka, na yakishashuka hakuna tena kitu kilichoikalia gesi. Kwa hivyo unaweza kuiruhusu gesi ipande kwa kupunguza uzito, na unaweza kuiruhusu ipande kwa kuuzidisha. Kuna visima ambavyo nafasi ya katikati ni pana, unafanya kazi ukipiga mluzi. Hiki chetu nafasi yake ni nyembamba. Injinia wetu wa matope, kijana wa Kimisri anayeitwa Tarek, huwa anasema tunatembea juu ya ukuta.

Kitu kimoja zaidi, halafu nitaacha kufundisha. Matope yanapimwa mara mbili. Kwanza kwenye mizani, kujua yana kilo ngapi, maana hizo ndizo zinazoikalia gesi. Pili tunaangalia yanavyotiririka, kama ni ya majimaji au yameshikana kama uji, kwa sababu ya majimaji hayawezi kubeba vipande vya mawe kuvileta juu. Ukitaka kuongeza kilo unatia unga wa jiwe unaoitwa baraiti. Ukitaka yashikane unatia udongo wa bentonaiti, ambao hauongezi kilo za kutisha. Ni magunia mawili tofauti, yamepangwa mahali tofauti. Mtu hawezi kuyachanganya kwa macho.

Tuliyachanganya kwa mdomo.

Nilishakusimulia habari za Hamisi, Mtanzania wa Singida tunayepokezana zamu. Mimi nashika mchana, yeye anashika usiku, chumba ni kimoja na kitanda cha juu ni chake. Ndiye mtu pekee hapa ambaye naweza kuongea naye bila kufikiria. Sheria ya mtambo ni kwamba wakati wa kukabidhiana kazi mnatumia Kiingereza, na tuliweka saini wakati wa kuajiriwa. Lakini ukisimama juani siku nzima ukipigiwa kelele kwa Kiingereza cha kila nchi, halafu jioni umwone mtu anapanda ngazi anakuuliza, "Vipi kaka, umekaangika?", unajikuta umejibu kwa Kiswahili kabla hujakumbuka saini.

Na tulikuwa tunachekana sana kwa hicho Kiswahili. Mimi nikisema njugu, yeye anasema karanga. Siku moja nilimwambia niko na njaa, akaniuliza, "Uko na njaa wapi? Umefuatana nayo?" Nikamwambia sisi watu wa bara tulipewa Kiswahili baada ya nyinyi kukichagua chagua, kwa hivyo tunatumia kilichobaki. Tulikuwa makini sana na maneno tuliyotofautiana. Kila moja tulilisimamisha, tukaliuliza, tukacheka. Lile lililotuangusha ni neno ambalo wote wawili tulikuwa nalo.

Jumatano jioni upepo ulikuwa mkali. Tarek alitoka mbio kwenye ofisi yake, akanisogelea sikioni akaniambia matope yanatiririka mno, vipande vya mawe vinabaki chini, nihakikishe yameshikana kabla hawajaendelea kuchimba. Kwa kawaida huandika kwenye karatasi na kuibandika ubaoni. Siku hiyo alikuwa ameitwa mahali pengine, akasema kwa mdomo akaondoka. Hamisi naye alikuwa ameshafika, anavaa glavu. Nikamwambia:

"Kaka, matope yamekuwa mepesi sana. Yaongeze uzito kabla hawajaendelea."

"Sana?"

"Sana. Injinia mwenyewe amelalamika."

"Haya, kalale. Mama Wangui akikupigia mwambie shemeji anamsalimu."

Hayo ndiyo maneno yote. Niliyaandika kwenye shajara siku iliyofuata, hakuna lililozidi wala kupungua. Sasa wewe niambie, uji ukiwa majimaji unasemaje? Unasema ni mwepesi. Ukitaka ushikane unasemaje? Unasema uwe mzito. Hivyo ndivyo nilivyomaanisha. Kichwani mwangu nilikuwa naona kikombe cha uji wa Wangui alipokuwa mdogo. Lakini Hamisi alikuwa amesimama kando ya mizani. Neno uzito lilipomfikia lilienda moja kwa moja kwenye kilo. Akaenda kwenye magunia ya baraiti akatia, akapima, akaona kilo zinapanda, akatia tena kwa sababu nilishasema sana mara mbili. Alifanya kazi yake vizuri. Angekuwa mvivu tungekuwa salama.

Asubuhi niliamshwa na kimya. Hujawahi kukaa karibu na mtambo, kwa hivyo hujui kwamba kelele zake zikinyamaza mtu anaruka kitandani. Matope mazito yalikuwa yameshuka hadi kwenye mwamba dhaifu, ukapasuka, ukaanza kuyameza. Yalipopungua kisimani, gesi ya tabaka jingine ikaanza kuingia. Waliokuwa kazini waliiona kwa wakati, wakafunga zile vali kubwa zilizoko mdomoni mwa kisima. Hakuna aliyeumia. Nalisema tena ili usinyanyuke ukaenda kuita mchungaji: hakuna aliyeumia.

Lakini kisima kimefungwa na gesi iko ndani, na hapo ndipo walipo mpaka sasa. Wakiongeza uzito ili waishushe gesi, mwamba unameza. Wakipunguza ili mwamba usimeze, gesi inasukuma. Wanapeleka chini maganda ya njugu yaliyosagwa na nyuzinyuzi ili kuziba nyufa, kidogo kidogo, huku wanaangalia saa za presha ukutani. Watu wazima wenye digrii wamekaa mbele ya mshale wa saa kama wagonjwa wanaongoja kuitwa. Na wakati kisima kiko hivyo, hakuna anayetoka kambini isipokuwa aliyeandikiwa ruhusa. Geti limefungwa, simu ziko ofisini, na pasipoti zetu ziko kwenye kabati la chuma ambalo ufunguo wake unakaa shingoni mwa mtu mmoja.

Ijumaa tuliitwa mmoja mmoja na mkubwa wa usalama, mzungu mmoja. Si mtu mbaya. Anauliza, anaandika, hapandishi sauti. Tarek alikuwa ameshamweleza kwamba aliniagiza matope yashikane, na hilo ni kweli. Mimi nilipoingia nikaulizwa, "Wewe ulimwambia nini mwenzako?"

Hapa Mama Wangui nisikilize vizuri. Kiingereza kina neno moja la uzito wa uji na neno jingine la uzito wa mizani. Sisi tuna moja. Huyo mzungu hajui Kiswahili, alitaka jibu kwa Kiingereza, na mimi ilibidi nichague. Nikachagua neno la uji. Sikudanganya, kwa sababu ndilo nililomaanisha. Akaandika. Akanishukuru. Akasema kwa upande wangu mambo yamekwisha, nitaandikiwa ruhusa, na ndege yangu ya Alhamisi iko palepale.

Nilitoka pale miguu ikiwa myepesi. Nakwambia ukweli, sikumfikiria Hamisi. Nilifikiria Kiserian. Nilijiona nimefika, nimeoga, nimeketi kwenye uwanja wa baba yako Jumamosi ijayo na kisu mkononi, nakata kiande, lile bega la mbuzi linalokamilisha ndoa yetu kimila. Nilifikiria mbuzi atakuwa wa rangi gani.

Jana mchana nilimkuta Hamisi kwenye meza ya kula, chakula hajakigusa. Walikuwa wamemwambia atafukuzwa, na kwamba jina lake litapelekwa kwa kampuni nyingine ili asiguse mtambo wowote tena. Odhiambo alikuwa anafuta kaunta akijifanya hasikii.

"Kaka," Hamisi akasema, "ulipoulizwa uliniambia nini, ulijibuje?"

"Nilisema nilikwambia uyaongeze uzito."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiingereza. Mzungu atajuaje Kiswahili?"

"Kwa Kiingereza uzito upi?"

Alikuwa ananiangalia tu, hana hata hasira.

"Wa uji," nikasema.

Akacheka kidogo. "Mimi nimeshika mizani, wewe unanipikia uji."

"Ndivyo nilivyomaanisha, Hamisi."

"Najua ndivyo ulivyomaanisha. Nimekulaumu? Ningeitwa mimi kwanza ningesema wa mizani, na wewe ndiye ungekuwa umekaa hapa unatazama wali." Akasukuma sahani. "Nenda nyumbani ukakate mbuzi wako. Umenisumbua na huyo mbuzi mwaka mzima."

Odhiambo akashindwa kuvumilia. "Nyinyi wawili mngekuwa mnaongea Dholuo hii kisima haingekuwa na shida."

Tulicheka wote watatu. Halafu Hamisi akaenda kulala, na mimi nikabaki pale na sahani mbili.

Nilijaribu kujituliza, Mama Wangui. Nilijiambia sikusema uongo. Nilijiambia yeye angeweza kuuliza, wa uji au wa mizani. Ni kweli angeweza. Lakini hata mimi ningeweza kusema bentonaiti, neno moja tu, na hakuna lugha duniani ambamo lingekosewa. Nilipochagua lile neno la Kiingereza mbele ya mzungu nilikuwa nimekata neno letu nusu, nikabaki na nusu iliyonifaa, na Hamisi nikamwachia ile iliyobaki. Na wewe unajua siku hizi zote nimekuwa nikiringa kwako kwamba mimi ni mtu wa mpangilio, kila kitu mahali pake.

Leo asubuhi, kabla ya ibada yetu ndogo, nilirudi kwa mkubwa wa usalama. Akaniuliza kama nabadilisha maelezo yangu. Nikamwambia sibadilishi, naongeza.

"Ulimaanisha lipi?"

"La uji."

"Yeye alisikia lipi?"

"La mizani."

"Na ulisema lipi?"

"Yote mawili. Ni neno moja."

Aliweka kalamu chini. Akaniuliza kama naelewa kwamba nimekubali tulikabidhiana kazi kwa lugha isiyoruhusiwa, na kwamba sasa jambo hili si la mtu mmoja tena. Nikasema naelewa. Akasema basi Hamisi hatafukuzwa kwa sasa, na mimi sitasafiri. Wote wawili tutakaa hapa mpaka wakaguzi waje kutoka makao makuu. Nikauliza watakuja lini. Akasema hajui, kwa sababu hawaruhusiwi kukaribia mpaka kisima kitulie. Nikauliza kisima kitatulia lini. Alitabasamu kwa huzuni, akanionyesha mlango.

Nje nikakutana na Tarek. Yeye pia sasa ataulizwa kwa nini hakuandika ile karatasi. Aliniambia, "Ungeenda tu nyumbani," akapita.

Sasa umefika pale ambapo ulitaka kuanzia. Sitakuwa Kiserian Jumamosi.

Najua maana yake, usidhani nimeandika kirahisi. Najua tuliahirisha mara ya kwanza kwa sababu nilinyimwa likizo. Najua Wangui hawezi kupokelewa mahari hata ya mbuzi mmoja kabla ya yako kukamilika, kwa sababu ndivyo wazee wetu wanavyotaka, la mama kwanza ndipo la binti. Na wazee wa Saitoti, huyo anayetaka kumwoa Wangui, walikuwa waje wiki inayofuata kutoka Isinya. Nakumbuka uliyonisimulia mara ile ya kwanza, baba yake Saitoti alivyomwambia ndugu yangu Kimani: "Sisi tumezoea kungoja mvua. Lakini mvua haitutumii ujumbe kwamba imekwama kazini." Sijui atasema nini mara hii. Anaweza kusema inatosha, na akisema hivyo sitakuwa na haki ya kumlaumu. Atakayeumia ni Wangui, ambaye hajakosea lolote, na hata hajui baraiti ni nini.

Na kuna wewe. Nilikukuta msichana, nikakupeleka Kitengela kwenye chumba cha mabati, tukalea watoto, na kila mwaka kilikuwepo kitu cha kunifanya niseme mwaka ujao. Nilipokuwa na nafasi sikuwa na mbuzi, na nilipopata mbuzi nikawa Oltepesi, kisha huku. Shangazi yako bado anawaambia watu kwenye sherehe, "Huyu ni msichana wetu, ameenda tu kutembea Kitengela, atarudi." Watu hucheka, na wewe hucheka nao. Nimekuwa nikikuona ukicheka. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kumnyamazisha, na mimi leo asubuhi niliitoa siku yako nikampa mtu wa Singida ambaye hujawahi kumwona. Nilikuamulia bila kukuuliza. Sikuwa na simu, lakini hata ningekuwa nayo sijui kama ningekupigia, kwa sababu niliogopa utaniambia nisafiri, na niliogopa zaidi kwamba ningekutii.

Kimani atakwambia lile wazo lake tena. Mara ya mwisho aliniambia kwa simu, "Sisi ni damu moja. Nivae koti yako, nishike kisu, nani ataangalia sura?" Na baba yako akamjibu mbele ya watu wote, "Kiande haikatwi na ndugu. Ama hata kulala atakuwa anatuma ndugu yake?" Ulisema watu walicheka mpaka chai ikamwagika, isipokuwa wewe. Lakini mzee sasa ni mzee, na anampenda Wangui kuliko anavyonichukia mimi. Ukimwendea wewe mwenyewe, bila Kimani na bila shangazi, ukamwomba akubali ndugu yangu akate hicho kiande kwa ajili ya mjukuu, nadhani anaweza kulegea. Kikikatwa hivyo, njia ya Wangui itafunguka. Yako itakuwa imefunguliwa nusu, na watu watasema.

Au msubiri. Mwende kwa wazee wa Saitoti, mwombe mara ya pili, na mimi nitakuja nikate mwenyewe, siku nisiyoijua.

Moyoni mwangu nataka msubiri. Nimeandika hivyo kwa sababu ungejua hata kama ningekuficha. Lakini la Hamisi niliamua mimi, kwa hivyo hili ni lako. Zungumza na Wangui kwanza, halafu baba yako, na mtakaloamua nitalikubali bila kunung'unika, hata nikisikia ndugu yangu amevaa koti langu. Jibu mpe Odhiambo akirudi. Tafadhali usimtume kwa mdomo. Kaa chini uandike, useme unamaanisha nini, hata kama ni matusi.

Kwa baba yako naomba kitu kimoja tu. Watu watakushauri useme kazi imenibana. Usiseme hivyo. Mwambie jinsi ilivyokuwa, neno lote na mizani yote. Anaweza kusema mimi ni mjinga wa kwanza kukosa kiande kwa sababu ya uji. Aseme. Lakini asidhani nilikuwa na njia ya kuja nikapuuza, kwa sababu njia nilikuwa nayo, na sikuipuuza, niliitoa kwa ajili ya Hamisi.

Mwambie Wangui nimeandika jina lake kwenye shajara kila siku tangu Alhamisi. Akitaka kunikasirikia asinikasirikie kupitia kwako, aandike karatasi yake mwenyewe. Mwambie Saitoti kwamba nilitaka kumwita mwanangu Jumamosi ya wiki ile nyingine, na kwamba bado nataka.

Nisalimie mama yangu, umpashie moto maji ya miguu jioni zikiwa na baridi. Msalimie Kimani, umwambie koti liko kwenye sanduku la chini, sitaki atafute akivuruga nguo zako. Nisalimie dada yako wa Kona Baridi na watoto wake, na mwalimu wa kwaya, na yule jirani Mmaasai anayetuletea maziwa, mwambie *supa*, na kwamba chai ya huku ni ya unga wa maziwa. Msalimie hata shangazi yako.

Hamisi yuko kitanda cha juu, hajalala. Ameniuliza kama nimemwandika vibaya, nikamwambia nimekuandikia yaliyotokea. Anasema pole, shemeji. Amelisema mara mbili, na mara ya pili alitaka nikwambie kwamba anajua ni siku yako iliyochukuliwa.

Odhiambo anaondoka kesho kukipambazuka. Yeye aliandikiwa ruhusa.

Ni mimi,
Ndung'u, baba ya Wangui, na mume wako kwa kila hesabu isipokuwa ya Kiserian.